Ndege ya Shemeji Haivuji

Wewe, uko wapi? Nimetoka kwa dada sasa hivi na bado siamini.

Unaikumbuka ile ndege ya watu wawili ambayo shemeji anaiunda mwenyewe nyuma ya nyumba, mwaka wa nne huu? Leo alimwita mkaguzi wa ndege aje aipitishe, ili Jumamosi ampandishe dada.

Wiki nzima mvua imeinyeshea. Shemeji kifua mbele: "Mzee, mimi maji nimeyakomesha. Kagua popote, haivuji hata tone."

Mkaguzi hakubishana. Akauinua mkia kidogo, tukasikia maji yanacheza ndani kama kwenye dumu. Akalala chali chini ya tumbo la ndege, akauliza, "Matundu ya kutolea maji yako wapi?"

Unajua shemeji alijibu nini?

"Nimeyaziba yote kwa silikoni. Si ndiyo yaliyokuwa yanavuja?"

Ndiyo yaliyokuwa yanavuja. Mtu mzima, na miwani yake.

Maji yanaingia juu, pembeni mwa kioo, yanatokea chini, na yeye kaziba chini. Mkaguzi akatoka chini, akazibua tundu moja kwa bisibisi, maji ya ndoo nzima yakamwagikia viatu vyake. Akasema, "Haya yangekimbilia mkiani mkiwa hewani. Pua ingeinuka, na msingeishusha tena."

Nikajua sasa shemeji ataona aibu.

Akachuchumaa, akalitazama lile dimbwi, akamgeukia mkaguzi: "Lakini kubali, kabla hujatoboa haikuvuja."