Bia Nyeusi ya Mkwe Mzungu

Basi wifi, simu ilikatika nikikwambia mkwe Mzungu, baba wa mchumba wa Neema, kanimiminia bia nyeusi ya kwao Uingereza, kapika mwenyewe hapa Joburg. Nikaishika tu, namsubiri aonje kwanza, kama kwetu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Uso ukamshuka, akadhani nimeikataa. Neema akanifinya.

“Mama, unaniharibia ndoa.”

“Mwambie kwetu mwenye pombe ndiye anaanza.”

Neema akamtafsiria. Mzee akacheka, akapiga funda. Nami nikanywa. Eish, wifi, ina uchungu wa ulezi uliokaangwa ukataka kuungua, halafu utamu unakuja nyuma taratibu. Nikamaliza, nikasogeza glasi aongeze.

Nawapenda wote hapo Moshi, jikingeni na baridi. Ngoja, mkwe ananiita, anauliza posa walete lini.