Neno la Mungu na la Nyumbani

Kibua

Papa Noël,

Huku tuko wazima. Mbuzi ilizaa, mvula haikamatike, na nguruwe wa pori wanafukua mihogo yetu ya kando ya muto.

Sabuni ulituma ilifika. Dancille wa korale yenu ya kanisa njo aliileta, nikamupikia sombe. Wakati anakula, mutoto wetu Noël akafungua ile Biblia yako ya Kingereza cha zamani, akasoma vibaya. Dancille akamurudisha pale pale, hata mukono hajanawa: "Hapana, Noël. Thou, ni kusema wewe, ni kwa muntu mumoja tu. Wakiwa wengi, unasema ye, ni kusema ninyi."

Nikamuuliza: "Dada, nani alikufundisha?" Akacheka, akaangalia sahani.

Papa Noël, wewe uko mwalimu wa Kingereza huko Walikale, mimi niko mulimaji. Lakini ulinieleza mwenyewe, mwaka tulioana, kwamba ku masomo haufundishi thou, sababu hakuna tena muntu anaisema. Ulisema unaiweka kwa wawili tu: Mungu wakati unaomba, na mimi wakati taa imezimwa.

Sasa Dancille aliisikia katika maombi gani?

Usijibu. Jumamosi napanda pikipiki ya kaka Ngabo, nakuja. Kama nitakukuta peke yako, utaniita vile ulizoea kuniita. Kama muko wawili, mimi njo nitatangulia kusalimia, na nitasema ye.

Ni mimi,
Mama Noël, kama ningali yeye