Kichwa cha Kevin

Alief, Alhamisi, Machi 2019

Bado nacheka peke yangu.

Wiki iliyopita Kevin, mwenzangu wa maabara, alifuta picha za ubongo wa Mama Neema, muumini mwenzangu aliyejitolea kupimwa, kwenye modeli yetu ya kompyuta bila kuniuliza. "Watu wa kanisani kwenu hawatulii kwenye mashine, picha zinaharibika," alisema mbele ya profesa. Mama Neema, aliyefumua rasta zake zote kwa ajili ya kipimo kile! Sikusahau.

Kevin naye aliwahi kulala kwenye mashine hiyo, na picha zake zimo kwenye modeli. Nikapima jinsi kila kichwa kilivyotikisika. Leo kikaoni nikaonyesha michoro miwili ya mitikisiko hiyo. Wa Mama Neema ulikuwa umenyooka.

Profesa akauliza, "Na huyu anayerukaruka ni nani?"

"Ni Kevin," nikasema.

Baadaye Kevin alinifuata kwenye maegesho, uso umemwiva. "Ungeniambia pembeni."

"Na wewe ungeniuliza pembeni."

Naogopa kidogo. Makala ya utafiti huu tunaiandika pamoja, anaweza kunikomoa. Na anikomoe. Picha za Mama Neema zimerudi, za Kevin zimetoka, na aliyezifuta ni mimi, yeye akiangalia.