Kamba ya Babu Imefunguliwa

Kasulu, Jumanne, Juni 2014

Na nikamwambia asante! Ningesema nini?

Mama Neema, mwenye nyumba wangu, alikuwa anatabasamu kabisa. "Mwalimu, kale kakamba kalikuwa mafundo matupu. Nimekufungulia yote, nikakafua na sabuni."

Kibao cha babu, kile cha mbao chenye kamba hiyo katikati, kizima. Kamba ndiyo imenyooka kama ya kuanikia nguo.

Babu alikuwa nahodha. Alikuwa anabana fundo kwa meno, anakishika kibao mbele ya uso na kupima nyota imepanda kiasi gani juu ya bahari. Kila fundo lilikuwa na bandari yake: nyota ikilingana na kibao, anajua amefika usawa wa bandari hiyo.

Baba ameshawaahidi watu wa makumbusho Dar kwamba atawapa kibao hicho. Mimi ndiye niliyeomba nikae nacho muhula mmoja, niwaonyeshe wanafunzi wangu ambao bahari hawajaiona. Likizo hii natakiwa nikipeleke. Jioni baba kapiga simu: "Kipo salama?" Nikajibu kipo.

Nimejaribu kuyafunga mafundo upya, lakini alama za mahali yalipokuwa kwenye kamba zimetoka zote na sabuni. Mtoto wa Pangani mimi, na sijui hata fundo la kwetu lilikuwa wapi.