Nyota Iliyolipuka Ikabaki

Kaka Musyoka, pokea salamu za Masinga, ambako jua linakausha saruji kabla sijailainisha.

Jana jioni, nilipomaliza kujenga tangi la maji la shule, mwalimu, akiwa na wanafunzi wake, alinionyesha nyota kwa darubini.

"Fundi, hii ni kubwa na haitulii. Ililipuka zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita, ikatapika gesi yenye uzito wa majua kumi, na bado iko!"

"Mwalimu, si umesema mwanga wake huchukua miaka elfu saba na mia tano kutufikia? Basi ongeza hiyo."

Wanafunzi walicheka. Mwalimu akakuna kichwa: "Ngai, Mungu wangu! Wewe ulisomea wapi?"

Nilisoma hadi darasa la saba, mkanitoa ili wewe uendelee. Mwambie Baba nimekuwa nikijisomea usiku, na nimeshajiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne. Siombi ruhusa.

Nawapenda nyote, hata wewe.

Dadako Mwikali