Pumzi ya Kuazima

Kambi ya kiwanda cha chai,
Tukuyu, Rungwe.

Dada yangu Lusia,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii inakukuta unaota moto na watoto, maana baridi ya huko Makete naijua. Mguu wako unaendeleaje? Na mwanangu Upendo, bado anakuletea kuni bila kunung'unika? Mimi nipo, dada. Sitasema mzima, maana wewe sijawahi kukudanganya.

Nilikwambia kwamba tangu kampuni hii inunue kiwanda kwa serikali, kila siku tunasikia habari ya kupunguza wafanyakazi. Katikati ya hofu hiyo akaletwa kijana mmoja kutoka chuo kikuu. Meneja akasema huyu ni Mwalimu, atafanya kazi nasi miezi kadhaa, ajifunze kazi yetu na sisi tupate elimu yake. Tulidhani atakaa ofisini. Hapana. Alivaa ovaroli akaja kwenye chumba chetu cha kuchekecha, ambako vumbi la chai linapaa mpaka nyusi zinageuka rangi. Alibeba magunia, akala ndizi zetu. Mama Sekela, rafiki yangu wa Masoko, alikuwa akimtania, "Mwalimu, mkeo akikukung'uta atapata chai ya wiki nzima."

Kikohozi chetu ndicho kilichomshtua. Alisema vumbi lile linakula mapafu, na kampuni inaweza kuweka feni kubwa ya kulinyonya, ila meneja anataka ushahidi. Akatoa kibomba cha plastiki chenye mshale: ukipuliza, mshale unapanda. Tupulize asubuhi na jioni, mnyapara asome mshale, ampelekee yeye majibu.

Dada, sisi tukasikia jambo moja tu: mwenye pumzi fupi atapunguzwa.

Chumbani mwetu yumo Baba Anyimike, anayepiga tarumbeta katika bendi ya kanisa. Yeye akipuliza, mshale unagonga mwisho. Mama Sekela alijaribu, mshale ukatikisika tu ukarudi. Akacheka, akamkabidhi kibomba. "Baba Anyimike, nipulizie na mimi, nina watoto." Akampulizia. Nami nikampa. Tukampa karibu wote. Mnyapara akageukia ukutani. "Mimi nasoma mshale," akasema, "sisomi midomo."

Mwalimu akashangaa, akatuambia mapafu yetu ni mazuri kuliko ya watu wa ofisini. Meneja akafurahi, na habari ya feni ikaishia hapo. Tulimshukuru Mungu, dada. Kweli tulimshukuru, kwa sauti, kwenye ibada.

Mvua zilipoanza wakafunga madirisha ili chai isipate unyevu. Mama Sekela akawa anakaa kwenye gunia mara kwa mara, anasema ni uzee. Siku moja hakuweza kuinuka. Alifia hospitali akiomba afunguliwe dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

Tulimzika kwao Masoko. Bendi ilipiga, ila Baba Anyimike aliketi na tarumbeta lake mapajani. Mchungaji akamwashiria, hakuinuka. Tulipotoka msibani aliniambia, "Mama Upendo, mimi ndiye niliyempulizia." Nikamjibu, "Sisi ndio tuliokupa."

Mwalimu alikuwa amebakiza siku chache aondoke. Nilisali, nikamwendea, nikapuliza mwenyewe mbele yake. Akatazama mshale, akasema nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Na wengine, mama?" Nikamrudishia kibomba. Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akatupima upya mmoja mmoja, na wenzangu wengine hawajanisemesha tangu hapo.

Aliipigania ile feni, nilimsikia ofisini akipandisha sauti. Kampuni ikaona ni rahisi zaidi kubadilisha watu. Sisi wenye pumzi fupi tumepunguzwa wote, na nafasi zetu wamepewa wasichana wa vijiji vya Kinyala na Nkunga, wenye vifua vizima. Baba Anyimike amebaki. Mwalimu alipokuja kuaga alisema, "Nisamehe, mama." Nikamwombea, nikamwambia akayaseme huko chuoni. Lakini wale wasichana wanapita hapa kila asubuhi wakiimba, wanakwenda kuingia chumba kile kile. Nimewaonya. Mmoja akanijibu kwa adabu, "Ndaga, mama, asante. Lakini kazi ni kazi." Bado namwuliza Mungu kama nilifanya vema.

Basi narudi nyumbani. Upendo mwambie taratibu kwamba habari ya shule tutaona. Na nakuomba, usinitandikie jikoni kama zamani, moshi siuwezi tena. Nipe kile chumba cha mahindi, hata kama ni baridi. Mwalimu wa kwaya asiniwekee nafasi.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako. Baba mdogo Yohana wa mashine ya kusaga. Na shangazi mshonaji. Mama Mchungaji mwombe anitaje katika sala zake.

Siku ya kufika siandiki, maana sijui nitapumzika mara ngapi njiani. Ukiona mtu anapanda kile kilima chetu, anasimama, anaketi, anasimama tena, usidhani ni mgeni. Umtume Upendo anipokee mzigo.

Ni mimi mdogo wako,
Eliza, Mama Upendo