Tope Lilikuwa Mwilini Mwako

Elisante, rafiki yangu,

Sijui kama u hai. Tangu familia yenu iliposhuka Maore, kule tambarare, sikukutafuta. Ninaandika hadharani kwa sababu sina anwani yako, wala sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuiulizia.

Mjukuu wangu Upendo anachora kitabu cha hadithi kwa picha, kuhusu vijana wawili wa kijijini kwetu Bombo, kule milimani, na maji yaliyoibwa. Ameniletea hapa Same nisahihishe Kiswahili chake kabla hakijachapwa.

"Shikamoo, babu. Mtazame huyu mwizi," aliniambia akicheka. "Nimempa macho ya fisi. Amefanana?"

Mwizi huyo ni wewe. Hadithi aliipata kwangu.

Jumapili ile kiangazi kilikuwa kikali. Ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ilikuwa imejaa, na maji yangegawiwa kwa zamu Jumatatu asubuhi. Watu wazima walikuwa kanisani. Sisi tuliachwa tulinde. Ulikwenda kuchuma mapera. Maharage yetu yalikuwa yakinyauka hatua chache chini ya ukuta, nami nikadhani kwamba nikililegeza kidogo gogo la kuzibia, hakuna atakayejua. Maji yakalisukuma, likaniponyoka. Yakaanza kumwagika korongoni.

Ulikuja mbio. "Nikodemo, ingia! Umesimama kama bwana harusi?" Ukajitosa peke yako, ukaliziba tundu kwa mgongo, ukiniita. Nilibaki ukingoni. Niliogopa kulowa, maana kulowa kungekuwa ushahidi.

Walipofika, ndiva ilikuwa tupu na tope lilikuwa mwilini mwako. Mwenyekiti wa ndiva akauliza, "Nani amefungua?" Nikakunyooshea kidole. Ulinitazama, ukafungua kinywa, na kofi la kwanza likakifunga.

Walifuta zamu yenu. Mahindi ya mama yako yalikauka huku maji yakipita mferejini kando yake. Siku mliyohama ulisimama mlangoni petu, godoro kichwani, ukasema, "Mama haniamini. Mwambie yeye tu, wengine waache." Nikajibu kwamba ninaitwa ndani.

Baadaye nikawa mwalimu. Nilifundisha uaminifu kwa kisa chako, na jina lako nikalitaja. Nilikisimulia hata ikafika siku nikakiamini.

Sasa kurasa ziko mezani. Nimesahihisha kila nukta, uongo nikauacha. Upendo amekwisha kupiga simu mara tatu.

"Babu, bado tu? Wachapaji wananisubiri."

"Bado, mama."

Huyu ndiye pekee anayewaambia watu kwamba haki alijifunza kwangu. Nikisema, nitampoteza. Nikinyamaza, utachapwa mwizi, na watoto wasiokujua watayacheka macho yako.

Nimejaribu kumwambia. Nimeshindwa kusimama mbele ya binti wa miaka ishirini, Elisante, mimi niliyewasimamisha wengine kwa kosa dogo kabisa. Kwa hiyo nimeipeleka barua hii gazetini nisipate pa kurudi nyuma. Itatoka Ijumaa, yeye ameahidi kuja Jumamosi kuchukua kurasa zake. Nitakaa barazani tangu asubuhi. Asipokuja, nitajua ameisoma.

Kaa salama popote ulipo. Msamaha sikuombi, umekwisha kunibebea ya kutosha.

Mwenzako wa ulinzi,
Nikodemo